Mfupa wa Upande wa Kidole Kidogo

Maabara, 3 Machi

Mama yangu mpenzi,

Kaa chini kwanza. Kama uko kwenye cherehani, toa mguu kwenye pedeli. Nimepata. Ile nafasi ya utafiti ya baada ya uzamivu, ile ambayo wenzangu walinicheka nilipoiomba, chuo kikuu cha ufundi kimenipa mimi, mtoto wa fundi cherehani. Walituita watu wengi, wakatuweka kwenye chumba baridi, wakatuuliza maswali hadi koo likanikauka, na mwisho Profesa akanitazama akasema, "Wewe utaanza Jumatatu." Nililia chooni, nikanawa, nikatoka kama si mimi.

Kazi yenyewe ni kuvunja mifupa. Usishtuke. Gari la machinjioni linatuletea miguu ya ng'ombe, tunaisafisha, tunaibana kwenye mashine, halafu tunaipiga. Mingine kwa chuma, mingine kwa gongo, mingine tunaidondosha tu kwenye saruji. Kisha tunakaa na vipande tunaangalia: uliopigwa unavunjikaje, ulioanguka unavunjikaje. Hospitali na mahakama zinataka kujua, maana anayepigwa nyumbani husema ameanguka. Ule mlio siku ya kwanza ulikuwa unaniingia kwenye meno. Sasa nakunywa chai huku napiga.

Miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Nikiondoka hata kwa wiki moja, nafasi inakwenda kwa aliyekuwa wa pili. Yupo hapa hapa, mlango wa pili, kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje kwa uso wa mrithi. Kwa hiyo sitakuja hadi Septemba. Nikishathibitishwa, nakuchukua uje tuishi wote, na hilo silibadilishi.

Mtandao wa huko haushiki wiki hii, ndiyo maana naandika. Kaka Bonge amepata lori jingine la kuendesha? Mwambie asinune sana, atazeeka sura. Na yule mpangaji wako wa chumba cha uani, fundi viatu, bado anatazama watu bila kusema neno? Sikumpenda tangu alipohamia na lile kovu lake la shingoni. Funga mlango wako usiku.

Mwanao


Nyumbani, 15 Machi

Mwanangu,

Nisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Barua yako nimeipata na hongera sana. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Baba yako angekuwa hai angevaa koti lile la sherehe akazunguka nalo mtaa mzima.

Wa kulia umefungwa plasta. Niliteleza bafuni, sabuni tu. Simu nayo ilipasuka siku hiyo hiyo. Ndiyo mambo ya uzee, vitu vinaanguka na wewe unaanguka navyo. Cherehani imepumzika, sare za watoto wa watu zimelala kwenye kapu.

Fundi viatu ndiye aliyenibeba hospitali. Si mtu mbaya. Sikio moja halisikii, ndiyo maana anatazama sana midomo ya watu, wewe ukadhani anakutolea macho.

Kaka yako yupo. Lori hajapata, ana mawazo mengi. Barua zote yeye ndiye anayezipeleka posta na kuzichukua. Nampa zikiwa wazi, kufunga bahasha kwa mkono mmoja kazi.

Usije. Umenisikia? Ukija ukapoteza hiyo nafasi, sitakusamehe. Nimeishona kwa miaka yote hiyo, usiniharibie kwa ajili ya mkono mmoja.

Mama yako


Maabara, 26 Machi

Kaka Bonge,

Shikamoo, mtu mzima usiyeandika. Nasikia Mama kavunjika mkono na wewe uko hapo hapo, unamlinda nini, jiko?

Nakuomba kitu. Hospitali lazima walimpa picha ya eksirei. Ichukue unitumie, nitakurudishia. Nataka kuona mfupa umekaaje, wasije wakawa wameufunga umepinda, maana akishindwa kushona atakufa kwa huzuni. Hapa kuna watu wanaojua mifupa kuliko madaktari wenu wote.

Halafu jipe moyo. Gari litapatikana. Wewe ndiye uliyenibeba mabegani siku ya mvua ile kubwa ili viatu vyangu vya shule visilowe, sijasahau.

Mdogo wako


Nyumbani, 7 Aprili

Profesa wa Mafupa,

Marahaba. Picha hiyo humo ndani. Mama aliificha chini ya godoro, sijui anaona haya gani, kama vile ni picha ya uchi. Nimeichomoa alipokwenda kuoga. Usimwambie, ataninunia.

Mimi nipo, nakaa tu kama gunia. Mtu ukizoea kuendesha lori la magurudumu kumi, halafu unatumwa dukani kununua uzi, kichwa kinachemka. Mtaa mzima siku hizi ni wewe tu. Nikipita wanasema, yule kaka wa msomi. Jina langu limekufa. Natania.

Huyu fundi viatu anajifanya mwenye nyumba. Anamchotea Mama maji, anamkatia mboga, ananiangalia kama mimi ndiye mpangaji. Siku moja nitamfundisha adabu.

Kaka yako, Bonge


Maabara, 18 Aprili

Mama,

Nimeiona picha ya mkono wako. Usimgombeze Kaka, nilimwomba mimi.

Hukuanguka. Mtu akiteleza hutanguliza kiganja, na mfupa huvunjika karibu na kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Wako umekatika katikati, na ni ule mmoja tu wa upande wa kidole kidogo. Sabuni haifanyi hivyo. Hivyo ndivyo mkono unavyovunjika mtu akiuinua kukinga kichwa, na kitu kigumu kikamshukia. Nimevunja kama huo wiki hii makusudi, nikauweka kwenye mwanga pamoja na picha yako. Mipasuko ililingana.

Nani amekupiga? Nyumba hiyo ina watu watatu. Mmoja ni wewe, mmoja ni mwanao. Wa tatu ana kovu shingoni ambalo hajawahi kumwambia mtu alilipata wapi. Ni yeye? Kakubeba hospitali kwa sababu ya hofu, ndivyo wanavyofanya, nimesoma mafaili mengi ya watu hao. Niandikie jina tu, Mama. Neno moja.

Mwanao


Nyumbani, 29 Aprili

Mwanangu,

Usiulize tena habari ya mkono. Nimeanguka. Fundi viatu ni mtu mwema na asisingiziwe. Kama unanipenda, fanya kazi yako uthibitishwe, mengine niachie. Mimi ni mzima na ninakula vizuri.

Mama yako

*Profesa, naongezea hapa chini kabla sijafunga bahasha. Mama anaogopa kusema, huyo mtu yuko nje ya dirisha muda wote. Wewe una akili, jaza mwenyewe. Bonge.*


Maabara, 8 Mei

Kaka,

Nimechukua karatasi hii yenye nembo ya chuo kwa sababu yangu imeisha na sina subira ya kwenda dukani.

Nimeelewa. Mkono wa Mama ulivunjwa kwa chuma au gongo akiwa ameuinua kukinga kichwa. Hilo nalithibitisha kama mtaalamu, na ukitaka kulisoma mbele ya hakimu, lisome. Aliyempiga ni yule fundi viatu. Hakuna mwingine. Mama ananiandikia kama mtu aliyeshikiwa kisu, anamsifu mtu yule yule anayemwogopa.

Sasa nakuuliza wewe, mwenye mabega yanayojaza mlango: unalalaje nyumba moja na mtu huyo? Polisi baadaye. Mtoe. Akikataa, mvunje. Mvunje mkono ule ule, pale pale katikati, aone inavyokuwa mtu kukinga kichwa chake. Leo nimepiga mifupa hadi mashine ikapata moto, wakaja kuizima, na kila niliopiga ulikuwa wake. Sitalia na sitakulaumu. Ningekuwa huko ningefanya kwa mkono wangu, na najua pa kupiga.

Mimi siwezi kuondoka hapa. Wewe uko hapo. Fanya.

Mdogo wako, Daktari


Nyumbani, 20 Mei

Profesa,

Kazi imefanyika, tena vizuri.

Nilimgongea mlango jioni, akafungua na kiatu cha mtu mkononi. Nikamwambia, keti, kuna barua yako kutoka chuo kikuu. Nikaisoma yote, polepole, maana hasikii vizuri. Nilipofika pale pa kuvunja akainuka. Nilikuwa na ile spana ya magurudumu, kitu pekee nilichobaki nacho kutoka kwenye lori. Mdogo wangu, unaijua kazi yako. Aliinua mkono kukinga kichwa sawasawa kama ulivyoandika, na ulikatika pale pale. Nilicheka, kwa kweli nilicheka. Akainua wa pili. Huo nao nikaushusha.

Akaniambia, "Mwulize mama yako." Nikampiga kwenye taya, asimtaje mama yangu kwa mdomo wake. Meno yalimwagika kwenye kapu la misumari. Halafu sijui, ilikuwa kama nimewasha injini, haitaki kuzima. Macho, mbavu, magoti. Gundi ya viatu ilimwagika, tukawa tunateleza wote kwenye gundi na damu. Mama akaja na plasta yake akaniparamia mgongoni, anapiga kelele za kuniita jina langu la utotoni. Nikamweka pembeni. Labda nilimweka kwa nguvu kidogo, yuko sawa.

Polisi walifika wakanikuta nina damu hadi viwikoni, wakatoa pingu. Nikawapa barua yako. Mkuu wao aliisoma mara mbili, akapapasa ile nembo kwa kidole, akasema, "Kumbe uchunguzi umeshafanywa na wataalamu." Pingu wamemfunga yeye, kwenye kitanda cha wodi. Mimi nilipewa maji ya kunawa.

Tangu gari liondoke sijawahi kujisikia mtu kama juzi. Asante, dada mdogo.

Bonge


Hospitali, 24 Mei

Mwanangu,

Hii haipiti mkononi mwa kaka yako. Naandika kwenye benchi la wodi, muuguzi ameniazima kalamu na ataipeleka posta mwenyewe. Kwa hiyo nitasema yote.

Aliyenivunja mkono ni kaka yako. Ni siku ile barua yako ya kwanza ilipofika. Nilikuwa jikoni nikaanza kuisoma kwa sauti. Nikafika penye neno "Nimepata", nikapiga kelele za furaha. Akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza, mwanangu, nilikuwa na furaha. Akaenda chumbani akarudi na kile chuma chake cha kufungulia magurudumu. Simu niliyotaka kukupigia aliikanyaga. Hakusikia mstari mwingine wowote wa barua yako, na hakujua kwamba kazi yako huko ni kutambua mfupa uliopigwa na ulioanguka, ndiyo maana alikutumia ile picha bila wasiwasi. Mimi niliijua. Niliificha kwa sababu hiyo.

Ameanza zamani, kabla hujaondoka. Makofi tu, mwanzoni. Fundi viatu amemtoa juu yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Ndiye aliyepasua mlango siku hiyo ya jikoni. Ndiye aliyeniambia nikuandikie ukweli, nikamwambia mwache mtoto athibitishwe kwanza, ni hadi Septemba tu. Tulipanga hivyo yeye na mimi, avumilie naye, asihame chumba kile hadi Septemba. Kovu la shingoni ni la boila ya kiwandani. Hukuwahi kumwuliza.

Sasa hivi amelala mbele yangu. Jicho moja limetolewa. Taya limefungwa waya, hawezi kusema chochote kujitetea, mikono yote imefungwa, hawezi kuandika. Mguu mmoja una pingu. Anakojoa damu. Nikimwekea maji mdomoni kwa pamba, ananitazama, na mimi naona aibu.

Nilikwenda kituoni. Nikamwambia Mkuu, ni mwanangu wa kuzaa aliyenipiga, mfunge huyo. Akanionyesha barua yako. Akasema, "Mama, tunaelewa una hofu. Binti yako ni msomi, ameshatuandikia." Nikarudia, akaniletea kiti.

Nina hasira na wewe. Nikwambie ukweli, nina hasira na wewe kuliko nilizo nazo kwa kaka yako, maana yeye namjua alivyo. Wewe nilidhani unasoma. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba mtu huyo ni mwema, ukaamua hujui mama yako anasema nini.

Nimewazaa nyote wawili. Nilimficha mmoja ili mwingine afike, na ona mlikofika. Usinitumie pole. Waandikie wale watu kituoni, kwa namna watakayoisikia. Bado nalala nyumba moja na kaka yako. Amefunga madirisha.

Mama yako


3 Juni

Kwa Mkuu wa Kituo,

Mimi ndiye niliyeandika barua ya tarehe 8 Mei mliyoiweka kwenye jalada la fundi viatu. Naomba muitoe. Ni ya uongo kwa sehemu iliyo muhimu.

Ni kweli kwamba mkono wa mama yangu ulivunjwa kwa pigo. Hilo nililiona kwenye picha na nitalisema popote. Si kweli kwamba nilijua aliyepiga. Mfupa hauwezi kunionyesha hilo, na mtu yeyote wa maabara yetu anajua. Niliandika jina la fundi viatu kwa sababu sikuipenda sura yake, na kwa sababu kaka yangu alikuwa kaka yangu. Aliyempiga mama ni huyo kaka, yule mliyempa maji ya kunawa. Chuma mtakikuta chumbani kwake. Ni spana ya magurudumu, na imewavunja watu wawili.

Fundi viatu hajafanya kosa lolote. Naomba mmfungue pingu leo hii. Kaka yangu alimpiga kwa sababu nilimwamuru, niliandika "mvunje", mnayo barua. Kama kuna shitaka la kuchochea, liandikeni kwa jina langu, nitalijibu.

Naandika kwenye karatasi ya kawaida. Nilimweleza Profesa wangu kila kitu. Alisikiliza akiwa amesimama, akaniuliza, katika mifupa yote tuliyovunja pamoja, ni upi uliowahi kututajia mtu. Nafasi yangu ya utafiti ilifutwa jana, na nimekatazwa kutumia nembo ya chuo hadi baraza likae. Mwenzangu aliyekuwa wa pili tayari amehamia mezani kwangu. Sina kinyongo naye.

Baraza limeniamuru nisiondoke hadi linihoji, kisha nasafiri kwa barabara, nitafika mwisho wa mwezi. Nawaomba kitu kimoja, na ningewapigia magoti kama ningekuwa mbele yenu: hadi nifike, mama yangu asilale nyumba moja na kaka yangu. Mwekeni hata kwenye benchi la kituo. Ananiambia madirisha yamefungwa. Mimi najua mkono wa mtu mzima unabeba pigo gani, na najua kichwa kinabeba pigo gani. Mkono umeshavunjika.

Wenu, binti wa fundi cherehani


Kituo cha Polisi, 14 Juni

Kwa Daktari,

Tumepokea barua isiyo na nembo inayodai kutoka kwako. Kwa kuwa haikuandikwa kwenye karatasi ya taasisi, na inapingana na taarifa ya kitaalamu uliyokwisha kutupa, hatukuweza kuiingiza kwenye jalada. Tumemwonyesha kaka yako, naye amethibitisha kuwa mwandiko huo si wako. Tahadhari, huenda kuna mtu anatumia jina lako.

Mtuhumiwa, fundi viatu, alifariki wodini Jumanne asubuhi. Kwa sababu hiyo shauri limekwisha na jalada limefungwa.

Mama yako alikuja tena kituoni akiwa amechanganyikiwa, akikataa kurudi nyumbani, na alilala kwenye benchi letu. Kwa kuzingatia umri wake na hali ya mkono, tumewasiliana na kaka yako, ambaye alifika mara moja na kumchukua. Ametia sahihi kuwa atamwangalia yeye mwenyewe.

Tunakushukuru kwa mchango wako wa kitaalamu.

Mkuu wa Kituo